Ya Moto au ya Baridi: Gesi ya Stauti Inayopikwa Dodoma

Anayepika stauti nyumbani kwa mara ya kwanza huhangaikia rangi. Hutaka kujua bia itafanywaje iwe nyeusi tii, uchungu wa nafaka iliyokaangwa utapatikanaje, na utazuiwaje usigeuke kuwa ladha ya majivu. Maswali hayo yana majibu mepesi, na anayekosea humo huvumilika, kwa sababu stauti yenye weusi pungufu bado inanyweka. Gesi ndiyo isiyo na huruma. Huwekwa mwishoni, mpikaji akiwa ameshachoka. Huzaliwa hamira inapokula sukari kidogo iliyoongezwa, ndani ya chupa iliyofungwa ambamo hawezi kuonja wala kurekebisha. Na matokeo yake hujulikana majuma mawili baadaye, kizibo kinapong'olewa mbele ya wageni. Ikipungua, stauti hulala mdomoni, nzito na tamu kupita kiasi. Ikizidi, nusu ya chupa huishia juu ya kitambaa cha meza, na nusu iliyobaki huuma ulimi kiasi cha kufunika kila kilichowekwa kwenye sufuria.

Miongozo mingi ambayo sisi wapikaji wa nyumbani hujifunzia imeandikwa kwa ajili ya watu wa Uingereza na Marekani, ambako chumba cha kawaida huhesabiwa kuwa na nyuzi 18 au 20, na bia huhesabiwa kwamba itatoka kwenye friji au kwenye handaki la baridi. Nimefikia msimamo kwamba kipimo cha gesi hakifai kunakiliwa kutoka huko. Kinapaswa kupangwa upya kwa joto la Dodoma, kwa mwinuko wake, na zaidi ya hayo kwa namna bia yenyewe itakavyonywewa, jambo ambalo miongozo hiyo hailigusi kabisa.

Katika baa za hapa, kama zilivyo baa nyingi za Tanzania, mhudumu akishasikia jina la bia huuliza swali la pili kabla hajaondoka mezani: ya moto au ya baridi? Mgeni huona kwamba anaulizwa kuhusu mapendeleo madogo tu. Kwa mpikaji, swali hilo ndilo swali la gesi lenyewe. Mwaka 1803 mwanakemia William Henry wa Manchester alitangaza kanuni kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka ndani ya kimiminika hulingana na mgandamizo wa gesi hiyo juu yake, na inajulikana pia kwamba kimiminika cha baridi hushika gesi nyingi kuliko cha moto. Bia ileile, chupa ileile, gesi ileile, hufanya mambo mawili tofauti kabisa kulingana na mahali ilipolala kabla ya kufunguliwa.

Wapikaji hupima gesi kwa ujazo. Lita moja ya bia yenye ujazo 2 ni bia iliyoyeyusha lita 2 za hewa ukaa, zikipimwa kwa nyuzi sifuri na mgandamizo wa usawa wa bahari. Kwa uzito, ujazo mmoja ni karibu gramu 2 kwa lita. Laga nyingi, yaani bia za kawaida za rangi ya dhahabu, huwa na ujazo wa 2.5 au zaidi kidogo, soda hupita 3, na shampeni hukaribia 6. Stauti ya chupa hukaa chini, takriban kati ya 1.8 na 2.5, na kuna sababu. Hewa ukaa ikiyeyuka hutengeneza asidi hafifu inayochoma ulimi. Kwenye laga mchomo huo unaburudisha. Kwenye stauti unakutana na asidi na uchungu vya nafaka iliyokaangwa, na viwili hivyo vikishirikiana hutoa ukali ambao mnywaji huulaumu kwa kusema kwamba nafaka imeungua, hali nafaka haina kosa.

Sasa tuchukue chupa yenye ujazo 2.4 na kuiweka kwenye friji ya nyuzi 6. Ndani yake mgandamizo ni karibu mara 1.7 ya hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Itoe chupa hiyo, iache ndani ya kreti mchana wa Oktoba, chumba kikiwa na nyuzi 28, na mgandamizo unapanda hadi karibu mara 3.5, yaani maradufu, bila punje moja ya sukari kuongezwa. Mnywaji wa baridi atafungua bia tulivu yenye povu la kiasi. Mnywaji wa moto atafungua bia inayopanda shingoni kabla hajaifikia glasi. Ukitaka mnywaji wa moto apate utulivu unaokaribia huo, ni lazima ushushe ujazo hadi 1.9 hivi, ambapo mgandamizo kwenye nyuzi 28 unabaki karibu mara 2.7.

Jirani yangu, mzee mstaafu aliyenitangulia mbali katika unywaji wa bia nyeusi, huniambia kila mara, "Mwanangu, baridi inaua ladha." Siku hizi namkubalia nusu. Baridi kali hufunga harufu ya nafaka iliyokaangwa na kuacha uchungu peke yake. Lakini moto wa Oktoba nao hufukuza gesi upesi hadi bia inachoka kabla glasi haijafika nusu. Kinachofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni bia iliyotolewa kwenye friji ikakaa mezani kama robo saa, ila huwezi kumpangia mzee namna ya kunywa bia yake.

Mwinuko nao una mchango, ingawa ni mdogo kuliko wa joto. Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hewa inayotukandamiza hapa ni karibu asilimia 88 ya ile ya Dar es Salaam. Hilo hufanya mambo matatu. Maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Bia inayochacha kwenye ndoo hubaki na gesi pungufu kwa sababu hewa ya juu yake inakandamiza kidogo. Na chupa inapofunguliwa, gesi hukutana na kizuizi kidogo zaidi, kwa hiyo stauti iliyopimwa kwa kitabu cha Ulaya huonekana changamfu zaidi hapa kuliko ambavyo mwandishi alikusudia.

Wenyeji wa nyanda hizi walikuwa wanapika muda mrefu kabla ya chupa kufika. Ujimbi, pombe ya asili ya Wagogo, hupikwa kwa kimea cha uwele au mtama na hunywewa ikiwa bado inachacha. Gesi hutoka yenyewe kwenye chombo chenye mfuniko uliolegea, na mnywaji huipokea kwenye kibuyu ikiwa hai, inatoa mapovu, na kesho yake imeshabadilika. Hakuna anayeuliza kipimo cha gesi kwa sababu hakuna kinachoizuia kutoka. Siioni kama teknolojia pungufu. Ni uamuzi mwingine kuhusu wakati wa kunywa. Aliyeamua kunywa baada ya mwezi, na kumpelekea ndugu yake Singida chupa mbili, ndiye aliyejitwika hesabu.

Upishi wenyewe nitaupitia kwa haraka. Kwa lita 20 mimi hutumia kilo 4 na nusu hivi za kimea cha shayiri, ambacho hapa mjini hakipatikani sokoni na hubidi kiagizwe, pamoja na gramu 400 za nafaka iliyokaangwa hadi ikawa na rangi ya kahawa iliyoiva. Shayiri ndiyo ya desturi, lakini mtama mweupe wa Soko la Majengo, ukikaangwa taratibu kwenye kikaango kizito huku ukikorogwa bila kuachwa, kisha ukapumzishwa siku kadhaa ili moshi utoke, hutoa weusi na harufu ya kuridhisha. Maji ya Dodoma, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, ni magumu na yana chumvi, na anayejaribu kupika laga nyepesi kwayo hupata taabu. Stauti inayamudu zaidi, kwa sababu nafaka nyeusi ina asidi inayopunguza ukali wa magadi yaliyomo. Maji ya Dublin, mji mkuu wa Ireland, nayo yalijulikana kwa ugumu wa aina hiyo, na bia nyeusi ilistawi huko. Maji ya kimea yakishachujwa kutoka kwenye machicha huchemshwa na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, kwa saa moja au zaidi kidogo, hupozwa upesi, na hutiwa hamira.

Kuna jambo moja la hatua hiyo ambalo halipaswi kupitwa, kwa sababu linarudi baadaye kama gesi. Wengi huvutiwa, kwa haki kabisa, na wazo la kuchanganya kimea cha mtama wa kwetu badala ya kutegemea shayiri peke yake. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto kubwa zaidi ya lile linalofaa vimeng'enya vya kimea, vinavyogeuza wanga kuwa sukari, kwa hiyo ukiloweka nafaka zote pamoja kwenye nyuzi 66, sehemu ya wanga wa mtama hubaki kama ulivyokuwa. Hamira ya kawaida haiwezi kuula, na bia huonekana imetulia. Lakini zipo hamira za mwituni zenye uwezo wa kuvunja wanga na sukari ngumu, na zikiingia kupitia ndoo au mpira usiosafishwa vizuri, huendelea kula chupani polepole kwa majuma mengi. Chupa iliyokuwa nzuri mwezi wa kwanza huwa bomu mwezi wa tatu. Mtama uchemshwe kando hadi uwe uji, upoe kidogo, ndipo uchanganywe na kimea cha shayiri.

Joto la kuchachia linafahamika kuwa tatizo, na dawa yake hapa ni rahisi kuliko ilivyo pwani. Hamira ya bia za aina hii hupenda nyuzi 18 hadi 22. Hewa ya Dodoma ni kavu karibu mwaka mzima, kwa hiyo ndoo iliyosimamishwa ndani ya beseni la maji na kuvikwa gunia lililoloweshwa hupoa kwa nyuzi kadhaa chini ya joto la chumba, ilimradi gunia lisiachwe likauke. Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe imelowa, mbinu hiyo husaidia kidogo tu. Juni na Julai hata gunia halihitajiki, na nyakati nyingine usiku huwa wa baridi hadi hamira inasinzia.

Kusinzia huko ndiko kunakoleta hatari kubwa kuliko zote, yaani kufunga bia ambayo haijamaliza kuchacha. Haidromita, kipimo kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji, ndiyo shahidi pekee: sukari ikiliwa, namba hushuka. Stauti ya kawaida huanza kwenye 1.048 au karibu na hapo na huishia 1.012 hadi 1.015. Kila pointi moja ya mwisho, yaani kila 0.001 inayochacha baada ya chupa kufungwa, huzalisha karibu nusu ya ujazo wa gesi. Maana yake ni kwamba mpikaji aliyefunga kwenye 1.018 bia iliyokusudia kufika 1.014 ameshaweka ujazo 2 wa ziada bila kujua, na akiongeza sukari kama kawaida anapita soda na kuelekea shampeni, ndani ya chupa isiyo ya shampeni. Ndiyo sababu siamini kalenda. Kauli kwamba bia huwa tayari baada ya siku saba husemwa na watu ambao joto la chumba chao halibadiliki.

Siamini pia mapovu ya mfunikoni, na hapa Dodoma yana udanganyifu wake. Tofauti kati ya asubuhi na alasiri inaweza kupita nyuzi 10. Jua likipanda, bia iliyokwisha kuchacha hupata joto, hushindwa kushika gesi iliyokuwa nayo, na huanza kubwabwaja kana kwamba hamira imefufuka. Usiku unapoingia hunyamaza. Anayetazama mchana hungoja bila sababu, na anayetazama alfajiri huharakisha bila sababu.

Hata haidromita yenyewe inahitaji kuelekezwa. Nyingi zimetengenezwa zisome sawasawa kwenye nyuzi 20. Sampuli yenye nyuzi 28 husomeka chini ya ukweli kwa pointi 2 hivi, na ile ya nyuzi 30 kwa pointi 2 hadi 3. Mtu akipima leo alasiri na kesho alfajiri anaweza kuona namba imepanda, jambo lisilowezekana kwa bia inayochacha, au akapima kinyume chake na kuona imeshuka wakati haijasogea. Dawa ni kupima saa ileile, sampuli ikiwa na joto lilelile, baada ya kuikoroga ili mapovu yasiibebe haidromita juu, na kutofunga chupa mpaka namba imekaa palepale kwa siku tatu. Haidromita si ghali ukilinganisha na chupa na jicho.

Namba ikishatulia, hesabu ya sukari ni ya darasa la sita. Kila gramu 4 za sukari ya mezani kwa lita moja ya bia hutoa takriban ujazo 1 wa gesi. Lakini bia haianzii sifuri, kwa kuwa kuchacha kwenyewe kumeacha gesi ndani yake, na kiasi hicho hutegemea joto la juu kabisa ambalo bia ililifikia baada ya kuchacha kukoma. Si joto la siku ya kufunga: ukiipoza bia baadaye, gesi iliyokwisha kutoka hairudi. Kwa usawa wa bahari, bia ya nyuzi 24 hubaki na ujazo wa 0.77 hivi, kwa mwinuko wetu zidisha kwa 0.88, nayo inakuwa karibu 0.68. Anayetaka kufika 2.2 anahitaji basi kuongeza 1.52, ambayo mara 4 ni gramu 6 kwa lita, na kwa lita 20 ni gramu 122. Anayelenga 1.9 kwa ajili ya wanywaji wa moto atatumia gramu 98. Anayelenga 2.4 kwa ajili ya friji atatumia gramu 138. Tofauti kati ya stauti ya kistaarabu na stauti inayoruka, kwa ndoo nzima, ni gramu 40.

Ndiyo maana nalalamikia kijiko. Ushauri wa kutia kijiko kimoja cha chai cha sukari kwa kila chupa umeenea kwa sababu ni mwepesi, lakini chupa ya nusu lita inataka gramu 3 tu. Kijiko kilichosawazishwa hubeba 4, ambazo zinaifikisha bia kwenye 2.7, yaani zaidi ya laga. Kijiko kilichojaa kilima hubeba 6 au 7, na hapo unakaribia ujazo 4. Mkono unaotia kijiko pia hubadilika kati ya chupa ya kwanza na ya mwisho. Afadhali kupima sukari yote kwa mizani ndogo ya kidijitali, kuichemsha ndani ya vikombe viwili vya maji kwa dakika 10, kuipoza, kuimimina kwanza kwenye ndoo safi, kisha kuishushia bia kwa mpira ambao mdomo wake umelala chini ili bia izunguke bila kurusha. Korogo moja la upole kwa mwiko uliochemshwa linatosha. Bia isiyochanganywa vizuri hutoa chupa kimya na chupa kali kutoka ndoo moja, na mpikaji hubaki akilaumu vizibo.

Wapo wanaotaka kutumia asali, hasa wakiwa na ndugu wanaowaletea kutoka Manyoni au Kondoa, na hamu yao naielewa. Asali ina maji, mara nyingi chini kidogo ya sehemu moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo huhitaji kuongezwa kwa robo hivi ikilinganishwa na sukari. Shida ni kwamba maji hayo hutofautiana kutoka mzinga hadi mzinga, na kwenye hatua ambayo gramu 40 huamua mambo, sioni faida ya kuingiza namba isiyojulikana. Asali itiwe kwenye ndoo, siku za kuchacha, ambako ina nafasi ya kumaliza mambo yake. Sukari ya maziwa, inayotumika kwenye stauti za maziwa, haina tatizo hilo: hamira ya bia haiwezi kuila, kwa hiyo huongeza utamu bila kuongeza gesi.

Kuhusu chupa, Dodoma ina mtego wake wa pekee. Huu ni mji wa zabibu, na chupa tupu za mvinyo hupatikana kila mahali, nzuri, za kijani, zenye shingo ndefu. Zisitumike. Chupa ya mvinyo usio na gesi haikutengenezwa kubeba mgandamizo, na ile ya shampeni, ambayo huhimili mara 6 ya hewa ya kawaida na zaidi, ni nzito na nene kwa sababu hiyo hasa. Chupa za bia za kahawia za nusu lita, zile zinazorudishwa kiwandani na kujazwa tena, ndizo zinazofaa, zikikaguliwa mdomoni kwa kidole ili zilizomeguka ziwekwe kando. Ziachiwe nafasi ya sentimita 3 hivi juu. Chumba chenye paa la bati kisichokuwa na dari kinaweza kufika nyuzi 38 mnamo Novemba, na hapo chupa ya ujazo 2.4 inabeba zaidi ya mara 4. Kwa hiyo kreti likae sakafuni, ndani ya boksi lenye mfuniko, mbali na njia ya watoto.

Katika kila pishi mimi hujaza pia chupa moja ya plastiki ya soda, iliyooshwa na kusafishwa kwa dawa kama zile nyingine. Hiyo ndiyo inayoniambia kinachoendelea. Siku ya kwanza inabonyea kwa vidole viwili. Baada ya juma moja la nyuzi 25 inakataa kubonyea. Na ikifika hali ya kuwa ngumu kama jiwe huku kitako kikianza kujitokeza nje, nahamishia kreti zima kwenye friji bila kungoja majadiliano. Kwa joto letu juma moja na nusu hadi mawili hutosha. Julai, kreti likiwa sakafuni, linaweza kuhitaji matatu.

Gesi ikishazaliwa bado haijatulia. Sehemu yake imekaa kwenye nafasi ya juu ya chupa, na ikifunguliwa mapema huondoka kwa mlio mkubwa na kuiacha bia yenyewe ikiwa dhaifu. Chupa zinazokusudiwa kunywewa za baridi zipewe siku mbili kamili kwenye friji. Chupa ya kwanza isihukumu ndoo nzima pia. William Gosset, mkemia aliyeajiriwa na Guinness, kampuni ya stauti ya Dublin, mwaka 1899, alisumbuliwa na tatizo hilo hasa la kutoa hukumu kutokana na sampuli chache, na mwaka 1908 alichapisha njia ya kulitatua kwa jina la bandia la Student. Wanafunzi wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma hufundishwa jaribio lake hadi leo, na nashuku wachache wao huambiwa kwamba lilizaliwa katika kiwanda cha stauti.

Chupa zikiruka, ladha hueleza sababu. Bia inayoruka na bado ni tamu ilifungwa kabla ya wakati. Inayoruka ikiwa kavu, nyembamba, na yenye uchachu usioutarajia, imeingiliwa na vijidudu au hamira ya mwituni, na vyombo vya plastiki vyenye mikwaruzo vitupwe pamoja na mpira. Inayoruka ikiwa na ladha iliyo sawasawa ilipewa sukari nyingi, au imefunguliwa ya moto ilhali ilipimwa kwa ajili ya baridi. Hamira ya mikate nayo huchangia, kwa kuwa hailali chini kwa uthabiti. Chupa ikitikiswa kidogo tope lake hupanda, na kila chembe huwa mahali pa povu kuanzia.

Kuna matarajio moja ambayo ningependa wapikaji wayaache. Wengi wameona kwenye picha ile glasi ya Dublin yenye povu la rangi ya krimu, zito, na mapovu yanayoonekana kushuka badala ya kupanda, na hudhani kwamba sukari kidogo au nyingi zaidi itawafikisha hapo. Haitawafikisha. Povu lile ni la naitrojeni, gesi isiyopenda kuyeyuka kwenye bia, ambayo hutoa mapovu madogo sana yasiyopasuka upesi. Mfumo huo ulitengenezwa na Michael Ash wa Guinness na kuingia sokoni mwaka 1959, na bia yake husukumwa kwa mchanganyiko ambao takriban robo tatu ni naitrojeni, kupitia bomba lenye kisahani cha vitundu vidogo. Hamira haizalishi naitrojeni. Guinness ya chupa ambayo Watanzania wameizoea ni ya ukoo mwingine, kali zaidi, yenye asili katika bia iliyotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya kusafirishwa mbali, na gesi yake ni hewa ukaa tupu, kama ya kwetu. Mpikaji wa nyumbani aige hiyo. Kwa povu linalodumu, glasi isiyo na mafuta wala sabuni ya maji, na umiminaji wa taratibu unaomaliziwa katikati ya glasi, hufanya kazi kubwa kuliko ujazo wa ziada.

Baada ya mivutano mingi na wageni, siku hizi naigawa ndoo. Lita 10 hupata gramu 49 za sukari na vizibo vyake huandikwa M kwa kalamu ya wino usiofutika. Lita 10 nyingine hupata gramu 69 na huandikwa B. Za M zinaweza kukaa chumbani, na mzee jirani huzifungua bila kushika kitambaa. Za B huingia friji moja kwa moja zikishaiva, na hazitoki humo hadi siku ya kunywewa, kwa kuwa zikisahaulika kwenye kreti Novemba zitanikumbusha zenyewe. Za M ndizo zinazoisha kwanza, kinyume na nilivyotarajia, kwa hiyo pishi la Septemba litagawanywa lita 13 kwa 7, na gramu zake ni 63 na 48.